Poka ya mtandaoni kwa pesa halisi: mambo ya kujua ukiwa Uru kabla hujaweka shilingi ya kwanza

Uru ni jina la kata za mlimani, juu ya Moshi mjini: Uru Kusini, Uru Kaskazini, Uru Mashariki na Uru Shimbwe. Uru pia ni jina la karata, zile nyekundu zenye umbo la almasi. Majina yamefanana tu, hayana undugu. Uru ya karata ililetwa pwani na Wareno, pamoja na kopa, shupaza na pau, ndiyo maana hadi leo mzee anayecheza karata chini ya mti anatumia maneno yenye asili ya Kireno bila kujua.

Kwa hiyo karata si kitu kigeni kwetu. Kilichobadilika ni meza. Siku hizi meza iko kwenye simu, mnaocheza nao wako Brazil, Urusi au Uingereza, na kinachowekwa katikati ni pesa ya kweli.

Vijana wengi waliozoea kubeti mpira na kurusha kindege sasa wanaulizia poka. Wanasikia kwamba huku akili inalipa, si bahati tupu kama kwenye mkeka. Kuna ukweli ndani ya maneno hayo, lakini ni nusu tu. Makala hii ni kwa mtu mzima anayetaka kuijua nusu ya pili kabla hajaingiza pesa.

Kama hujafikisha miaka 18, ishia hapa. Sheria haikuruhusu kucheza.

Kwanza, poka ipi?

Neno "poka" linatumika kwa vitu vitatu tofauti, na wanaoanza wengi huvichanganya.

Ya kwanza ni poka ya watu kwa watu. Mnakaa mezani wawili hadi tisa na kila mmoja anacheza na pesa yake. Kampuni haichezi. Inagawa karata na kukata ushuru wake.

Ya pili ni poka ya kasino, ambapo unacheza dhidi ya kampuni yenyewe. Kanuni zinafanana na poka ya kawaida lakini malipo yamepangwa ili mwisho wa siku kampuni ibaki na faida.

Ya tatu ni poka ya mashine. Unapewa karata tano, unabadilisha unazotaka, mashine inakulipa kwa jedwali. Hapo hakuna mwenzako wa kumsoma. Hii ni ndugu wa mashine za sloti.

Ukiona neno poka kwenye programu ya kampuni ya kubeti, angalia kwanza ni ipi. Mara nyingi ni ya pili au ya tatu. Yale maneno ya "akili inalipa" yanahusu ile ya kwanza, na ndiyo tunayoielezea hapa.

Pesa inatoka wapi?

Ukishika jambo moja tu katika makala hii, shika hili. Kwenye poka ya watu kwa watu, kampuni haikulipi chochote. Kila shilingi unayoshinda imetoka mfukoni mwa mtu aliyekaa nawe mezani. Na kabla haijakufikia, kampuni imekata chake.

Chukua mfano wa watu sita, kila mmoja amekaa na shilingi 10,000. Mezani kuna 60,000. Tuseme kila mgawo wa karata, pesa ya katikati inafika wastani wa 2,000, na kampuni inakata asilimia 5. Hiyo ni shilingi 100 kwa mgawo. Inaonekana ndogo, kama makato ya kutuma pesa.

Baada ya migawo 100, kampuni imeshachukua 10,000. Hiyo ni pesa yote ya mchezaji mmoja. Kwenye simu, migawo 100 ni kama saa moja na nusu kwa meza moja. Waliobaki wanagombania 50,000, na hakuna aliyefanya kosa lolote. Kampuni nyingi hazikati mgawo unaoisha kabla karata za mezani hazijafunguliwa, na nyingi zina kikomo cha makato kwa kila mgawo. Lakini kukata kunaendelea kutwa nzima.

Maana yake, ili upate faida haitoshi kuwa sawa na wenzako. Lazima uwazidi, tena uwazidi kwa kiasi kinachotosha kulipa makato. Anayeanza leo hawazidi. Yeye ndiye wanayemsubiri.

Hadithi ya Moneymaker, na ile isiyosimuliwa

Tovuti ya kwanza ya poka kwa pesa halisi, Planet Poker, ilianza Januari 1998. Mchezo ulilipuka mwaka 2003. Mhasibu wa Tennessee, Marekani, Chris Moneymaker, alilipa dola 86 kwenye mashindano madogo ya mtandaoni, akapata tiketi ya mashindano makubwa ya Las Vegas ambayo kiingilio chake kilikuwa dola 10,000. Akashinda dola milioni 2.5. Jina lake ni hilo hilo la kweli, hakujipa.

Hadithi hii bado inatumika kwenye matangazo. Kinachoachwa ni kwamba walioingia walikuwa watu 839. Zawadi yake ilitoka kwenye viingilio vyao, na wengi wao walitoka mikono mitupu.

Kuna hadithi nyingine ambayo haitangazwi. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilifunga huduma za tovuti kubwa za poka kwa wachezaji wa nchi yake. Moja ilikuwa Full Tilt. Baadaye ilibainika kwamba Full Tilt ilikuwa inadaiwa na wachezaji kama dola milioni 390, wakati benki ilikuwa na takriban milioni 60 tu. Salio lilionekana vizuri kwenye skrini ya kila mchezaji, lakini nyuma yake hapakuwa na pesa. Leseni yake ilikuwa ya kisiwa cha Alderney, na leseni hiyo haikuzuia yaliyotokea.

Sheria ya Tanzania inasemaje

Michezo ya kubahatisha Tanzania Bara inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Bodi iko chini ya Wizara ya Fedha. Ndiyo inayotoa leseni, ikiwemo ya michezo ya mtandaoni, na kuendesha mchezo bila leseni ni kosa.

Kodi inakusanywa na TRA. Upo ushuru unaolipwa na kampuni kwenye mapato yake, na ipo kodi ya ushindi inayokatwa kabla mshindi hajalipwa. Viwango hubadilika kupitia Sheria ya Fedha ya kila mwaka, kwa hiyo usitegemee namba uliyoambiwa kijiweni mwaka juzi.

Kwa mchezaji wa Uru suala ni hili. Tovuti nyingi kubwa za poka ya watu kwa watu ziko nje na leseni zao ni za huko: Malta, Isle of Man, Curaçao na kwingineko. Kampuni isiyo na leseni ya Tanzania ikigoma kukulipa, Bodi haina leseni ya kuinyang'anya. Utaandika barua pepe kwa Kiingereza kwenda ofisi usiyoijua, ukidai dola 30.

Kabla ya kujisajili, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni inayotolewa na Bodi. Usitosheke na nembo iliyobandikwa chini ya tovuti. Nembo mtu yeyote anaweza kuinakili.

Usikubali pia kuambiwa uweke pesa kwa sarafu za kidijitali "ili iwe rahisi". Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 ikieleza kwamba sarafu hizo hazitambuliki kama pesa halali nchini. Ukizituma kwa tapeli, hakuna kitufe cha kurudisha muamala.

Mgawo mmoja unavyokwenda

Poka inayochezwa zaidi mtandaoni ni Texas Hold'em. Inatumia karata 52.

1. Wachezaji wawili wanaweka dau la lazima kabla ya karata: mmoja dogo, mwingine kubwa. Zamu hii inazunguka meza, kila mtu itamfikia.
2. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri.
3. Kwa zamu, kila mtu anachagua: kutupa karata, kulipia dau lililopo, au kulipandisha.
4. Karata tatu zinafunguliwa mezani. Hizi ni za wote. Madau tena.
5. Inafunguliwa ya nne. Madau tena.
6. Inafunguliwa ya tano. Madau ya mwisho.
7. Waliobaki wanaonyesha. Mwenye mkusanyiko bora wa karata tano, kutoka zake mbili na tano za mezani, anachukua pesa ya katikati.

Wengine wote wakitupa kabla ya hapo, aliyebaki anachukua bila kuonyesha kitu. Hapo ndipo mkwara unapoingia: unaweza kushinda ukiwa huna chochote, ilimradi wenzako waamini unacho. Lakini mkwara ni dawa yenye kipimo. Kwenye meza za pesa ndogo watu hawatishiki, wanalipia tu wakaone. Anayeanza akipiga mkwara kila mara huishia kuwagawia wenzake pesa.

Ngazi za ushindi, kuanzia chini

- Karata kubwa: huna mkusanyiko wowote, inahesabiwa karata yako ya juu. Esi (wazee huiita ree) ndiyo kubwa.
- Jozi: mbili zinazofanana.
- Jozi mbili.
- Tatu zinazofanana.
- Mfululizo: tano zinazofuatana, mfano 5, 6, 7, 8, 9.
- Alama moja: tano zote za uru, au zote za kopa, na kadhalika.
- Tatu na jozi: tatu zinazofanana pamoja na mbili zinazofanana.
- Nne zinazofanana.
- Mfululizo wa alama moja. Ule unaoishia na esi juu ndiyo mkubwa kuliko yote.

Ukigawiwa karata tano tu, uwezekano wa kupata huo mkubwa kuliko yote ni mara 1 katika 649,740. Kupata jozi ya esi kama karata zako mbili za mwanzo ni mara 1 katika 221. Ukianza na karata mbili zisizofanana, zile tatu za kwanza za mezani zitakupa angalau jozi kama mara moja tu katika tatu. Kwa maneno mengine, mara nyingi huna kitu, na kazi kubwa ya mchezaji mzuri ni kutupa karata. Mgeni hapendi kutupa. Anaona amekuja kucheza, sasa mbona anakaa tu? Hapo ndipo pesa yake inapoondokea.

Hesabu moja ya kujifunza kabla ya zote

Tuseme una esi ya uru na 9 ya uru. Mezani zimefunguliwa tatu, mbili kati yake ni uru. Una uru nne, unahitaji moja ifike tano.

Uru zote ni 13. Umeziona 4, zimebaki 9. Karata usizoziona ni 47. Kwa hiyo karata inayofuata, 9 zinakufaa na 38 hazikufai. Ni kama asilimia 19.

Katikati kuna shilingi 4,000. Mwenzako anaweka 2,000. Sasa kuna 6,000, na wewe unatakiwa kulipa 2,000 uione karata inayofuata. Ulipe?

Fikiria hali hii imejirudia mara 47. Mara 9 inatoka uru, unachukua 6,000 kila mara: jumla 54,000. Mara 38 haitoki, unapoteza 2,000 kila mara: jumla 76,000. Umepungukiwa 22,000. Kwa bei hiyo, kama huna matumaini ya kuvuna zaidi baadaye, tupa.

Sasa tuseme aliweka 500 tu. Katikati kuna 4,500. Mara 9 unapata 40,500. Mara 38 unapoteza 19,000. Umebaki na faida ya 21,500. Hapo lipia.

Karata ni zile zile na ndoto ni ile ile ya kupata uru ya tano. Tofauti ni bei. Anayejua hesabu hii anamla asiyeijua, taratibu, usiku baada ya usiku. "Akili inalipa" maana yake ni hiyo, na anayelipa ni yule asiyejua.

Lakini ona pia kwamba hata aliyefanya uamuzi sahihi amekosa mara 38 kati ya 47. Unaweza kucheza vizuri wiki nzima ukapoteza. Unaweza kucheza ovyo siku ya kwanza ukashinda, na hiyo ndiyo hatari kubwa zaidi, maana utajiona umeshajua.

Je, inaweza kuwa ajira?

Tupige hesabu bila kelele. Meza za chini kabisa kwenye tovuti za kimataifa zina dau la lazima la senti 1 na senti 2 za dola. Kiti kamili ni dola 2. Mchezaji mzuri kwenye meza hizo, baada ya makato, akibaki na faida ya madau makubwa matano kwa kila migawo 100 anahesabika yuko vizuri. Madau matano ya senti 2 ni senti 10.

Senti 10 za dola kwa saa moja na nusu. Hapo hujalipia bando, hujachaji simu, na umeshakuwa mchezaji mzuri, jambo ambalo huchukua miezi ya kujifunza. Ukifungua meza nne kwa pamoja, bado hufikii hata senti 30 kwa saa. Mkungu mmoja wa ndizi ukiufikisha sokoni Mbuyuni unakupa zaidi ya saa kadhaa za meza hizo.

Pesa kubwa iko kwenye meza kubwa, na kwenye meza kubwa wamekaa watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, wanatumia programu za kuchambua michezo yao, na wamecheza migawo mamilioni. Huwezi kupanda huko kwa hasira.

Kwa hiyo anayekuambia "acha bodaboda, njoo poka" anakudanganya, au anatafuta kamisheni ya kukuunganisha.

Hatua za kuanza, kama bado unataka

Cheza bure kwanza. Tovuti nyingi zina meza za pesa za kuchezea. Cheza hapo hadi ngazi za ushindi ziwe kichwani bila kuangalia karatasi. Jua tu kwamba watu wa meza za bure hucheza ovyo kwa sababu hawana cha kupoteza, kwa hiyo usijipime kwa ushindi wa hapo.

Jisajili kwa jina lako. Tumia jina lililo kwenye kitambulisho cha NIDA na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Ukitumia la mdogo wako au la bibi, siku ya kutoa pesa utakwama. Na kitambulisho chako usimpe "wakala" wa mtaani akakufungulie. Ukitaka kujua namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako, piga *106#.

Weka kidogo, kisha toa. Kabla hujacheza kwa bidii, weka kiasi cha chini, cheza kidogo, halafu omba kutoa. Angalia inachukua siku ngapi, wanakata kiasi gani, na wanadai nyaraka gani. Kuweka pesa ni rahisi kila mahali. Kutoa ndiyo mtihani wa kampuni.

Soma masharti ya bonasi. Bonasi ya kukukaribisha mara nyingi haitoki hadi uwe umezalisha makato ya kiasi fulani. Yaani wanakurudishia sehemu ya pesa watakayokukata.

Kaa meza ya chini kabisa. Na usiweke salio lako lote kwenye kiti kimoja. Wachezaji makini huwa na akiba ya viti 20 hadi 30 vya meza wanayocheza. Kwa kiti cha dola 2, viti 25 ni dola 50, yaani zaidi ya laki moja ya kwetu. Kama laki hiyo huwezi kuipoteza bila nyumba kuyumba, jibu umeshalipata.

Hakikisha mtandao. Zamu yako ina sekunde chache. Mtandao ukikatika au umeme ukizimika na simu ikafa, programu itakutupia karata, na pesa uliyokwisha weka katikati imeenda.

Andika daftarini. Kama duka la Mangi: tarehe, umeingiza ngapi, umetoka na ngapi, umecheza muda gani. Kichwa cha mchezaji hukumbuka ushindi na kusahau hasara. Daftari halisahau.

Pesa ipi, na pesa ipi hapana

Mshahara wa mjini huja kila mwezi. Pesa ya Uru nyingi huja kwa msimu. Kahawa inavunwa, inakusanywa kwenye chama cha msingi, inaenda mnadani Moshi, na malipo yanaweza kuja kwa awamu. Halafu Januari inagonga mlango na ada, sare na madaftari. Huo ndio utaratibu ambao wazee wa Kilimanjaro wameupigania tangu KNCU ilipoanzishwa mwaka 1933, ili mkulima mdogo asiuze kwa bei ya kutupwa kwa sababu ya shida ya siku moja.

Pesa ya msimu ina udhaifu mmoja: siku inapoingia inaonekana nyingi. Salio la laki saba kwenye simu linamfanya mtu aone elfu hamsini ni kitu kidogo. Lakini laki saba hiyo ina kazi za miezi sita mbele yake.

Njia rahisi ya kupima ni kuiita pesa ya mbege. Ni kiasi gani ungetumia kilabuni na wenzako, ukarudi nyumbani bila kukidai? Hicho ndicho kikomo cha poka kwa mwezi. Kikiisha, mchezo umeisha hadi mwezi ujao.

Pesa hizi hazigusi meza kabisa:

- Ada na pesa ya pembejeo.
- Hisa na mkopo wa VICOBA. Hiyo ni pesa ya wenzako.
- Pesa uliyotumiwa na ndugu wa Dar au nje kwa ajili ya ujenzi au matibabu.
- Marejesho ya bodaboda ya mkataba.
- Mkopo wa aina yoyote wa kwenye simu.

Hili la mwisho tulikazie. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Baadhi ya mikopo ya namna hii ndiyo inayoitwa kausha damu. Kukopa ili kurudisha hasara ya karata ni kujifunga mara mbili: makato ya meza upande mmoja, riba upande mwingine.

Wizi wa mezani

Poka ya simu ina wizi wake. Watu wawili wanaweza kukaa meza moja huku wanaambiana karata zao kwa WhatsApp. Zipo roboti pia: mwaka 2019 programu iitwayo Pluribus, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Facebook, iliwashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita. Ile ilikuwa ya utafiti, lakini roboti duni zaidi zinatosha kumla mgeni. Na miaka ya nyuma kashfa ya tovuti za Absolute Poker na UltimateBet ilionyesha kwamba hata watu wa ndani waliweza kuona karata za siri za wateja.

Wizi wa karibu zaidi ni ule wa makundi ya Telegram na WhatsApp: "Tuma elfu hamsini tukuchezee, kesho laki mbili." Hiyo si poka. Walioumia na DECI mwaka 2009 wanaujua wimbo huo. Ukipokea ujumbe wa kitapeli kwenye simu, utume kwenda 15040.

Dalili kwamba imegeuka

Mchezo umeacha kuwa mchezo pale unapoona haya:

- Unaongeza dau ili kurudisha kilichopotea.
- Unaficha simu mkeo, mumeo au mzazi akipita.
- Unacheza usiku hadi asubuhi shamba linakushinda.
- Umekopa, umeuza kitu, au umegusa pesa ya kikundi.
- Umesema "leo mwisho" zaidi ya mara tatu.

Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kama ugonjwa, na si uhuni. Iambie kampuni ikufungie akaunti, futa programu, na laini yenye pesa mpe mtu unayemwamini kwa muda. Kwa Moshi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi na KCMC zina huduma za afya ya akili. Nenda ukiwa bado na kitu cha kuokoa.

Kama umesoma hadi hapa na bado unataka kujaribu, anza na jambo moja lisilo na gharama. Chukua daftari, andika kiasi ambacho uko tayari kukipoteza mwezi huu, kisha mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani kwako. Ukiona aibu kumwonyesha, kiasi hicho ni kikubwa mno.